Mzee Mizani na Pipa la Kumi na Saba

Mtafiti wa hifadhi ya nafaka, ambaye wenzake walimwita Mzee Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la reli, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1963 hadi 1969, sekondari hadi 1973, kisha chuo cha kilimo, alikohitimu mwaka 1977.

Tarehe 20 Desemba 1982 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wanne. Nyumbani alikuwa mpole, ila hakuacha kazi mlangoni. Kitinda mimba wake, ambaye leo ni fundi wa maabara, alipomwandikia barua akiomba viatu vipya, ilirudi na maandishi pembeni: "Hoja nzuri. Ushahidi hautoshi. Leta kiatu." Alipeleka kiatu, kidole kikichungulia. Jioni hiyo walikwenda dukani.

Aliajiriwa katika kituo cha utafiti tarehe 2 Januari 1978, akafanya kazi humo miaka thelathini na minane. Alihakiki pia miswada ya watafiti wengine kwa ajili ya jarida la taaluma yake. Aliisoma miswada mia moja na arobaini, na hakuna hata mmoja uliokaa kwake zaidi ya siku ishirini na moja. "Mwenzako amekuachia mtoto wake," alikuwa akisema. "Usimlaze njaa."

Mswada wake mwenyewe, wa misimu sita ya kupambana na fukusi wa mahindi, aliupeleka kwa mhariri wa jarida hilo tarehe 3 Februari 2014. Siku kumi baadaye aligundua kosa lake: kwenye pipa la kumi na saba, daftari lake lilionyesha punje zilizotobolewa 13 kati ya mia, naye kwenye jedwali la mswada alikuwa amenakili 31. Aliandika barua ya kusahihisha. Barua ilibaki mezani kwa mhariri; wahakiki hawakuiona. Mhakiki wa kwanza alijibu kwa mwezi mmoja, akisifu. Wa pili alikaa na mswada miezi kumi na mmoja, kisha akaandika kwamba haukuwa na jipya. Mhariri akaukataa.

Mei 2015 jarida hilohilo lilichapisha jedwali lile kwa jina la mtu mwingine. Pipa la kumi na saba lilisomeka 31.

Marehemu alikwenda kwa mhariri na daftari lake mkononi.

"Mzee mwenzangu, jina la mhakiki ni siri," mhariri alimwambia.

"Siri iliwekwa ili mtu aseme kweli bila hofu. Huyu amesema nini?"

"Maoni yako yamepokelewa. Mhakiki hushauri, uamuzi ni wa mhariri. Nenda ukapumzike, kaka."

Hakuna masahihisho yaliyochapishwa. Marehemu aliendelea kulihakikia jarida hilo, kwa sababu, alisema, waandishi hawakumkosea kitu.

Mapafu yake, yaliyovuta vumbi la nafaka miaka yote hiyo, yalianza kumsumbua Agosti 2021. Alifariki tarehe 9 Juni 2022, saa nne asubuhi, akiwa wodini. Chini ya mto palikuwa na mswada wa kijana asiyemjua, umesomwa hadi ukurasa wa mwisho. Siku ilikuwa ya kumi na tisa.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, dada mmoja, na daftari lenye 13.

Rasimu ya wasifu huu, ulioandikwa na kitinda mimba wake, ilipelekwa kwa mhariri tarehe 11 Juni, pamoja na mswada ule wa wodini, ili athibitishe tarehe zinazohusu jarida. Aliirudisha siku hiyohiyo, aya za jedwali zikiwa zimekatwa kwa wino mwekundu, na neno pembeni: "Binti yangu, makaburini si mahali pa kesi." Familia inamshukuru kwa kuwahi. Maoni yake yamepokelewa. Safari hii yeye ndiye mhakiki, na uamuzi si wake.

Mzee Mizani na apumzike kwa amani. Hana mswada wa mtu.