Kikombe cha Dada Yetu, Fundi wa Sare

Ndugu waombolezaji, majirani na jamaa, historia hii inasomwa na mdogo wa kiume wa marehemu, fundi saa, ambaye mwanzoni aliiandika nusu ukurasa na kusema dada "aliugua kwa muda mfupi", lakini binti wa marehemu akamrudishia karatasi, akamwambia kama hataandika yote basi asithubutu kusimama hapa, kwa hiyo anaomba mumvumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, mtoto wa kwanza kati ya watatu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1976, kisha akasomea ushonaji na kuhitimu tarehe 1 Desemba 1978. Tangu hapo alishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba ya wazazi, akaitwa Fundi Pindo, kwa kuwa kila sketi aliiachia pindo la vidole vinne ili mtoto akirefuka mzazi asinunue nyingine, na wenye maduka ya sare walimnunia waziwazi. Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na dereva wa lori, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2009, wakajaliwa binti huyo mmoja, ambaye leo ni mwalimu.

Mwaka 1996 mdogo wake alikosa pa kufanyia kazi, dada akasogeza cherehani, akampa kona. Skrubu za saa ni ndogo mno, upepo ukizipeperusha ndiyo basi tena, hivyo fundi saa akalipigilia dirisha misumari, na ndani ya chumba hicho akavuta pakiti nzima ya sigara kila siku kwa miaka ishirini na sita. Dada hakuwahi kuonja sigara maishani mwake, na alikuwa akimtania kwamba ananunua mmoja wanavuta wawili, naye mdogo mtu akicheka.

Februari 2022 alianza kukohoa, mdogo wake akasema ni vumbi la vitambaa, akamletea dawa ya kikohozi, wakapiga danadana hadi tarehe 22 Agosti alipokohoa damu, na tarehe 9 Septemba hospitali ikathibitisha saratani ya pafu. Hapo mdogo wake, kwa kuogopa kuambukizwa, alikitia kikombe cha dada alama ya rangi ya kucha, akaamuru kisichanganywe na vingine, na watoto wasikae kitandani kwake.

Tarehe 3 Oktoba daktari aliwaita wanafamilia, akawaeleza kwamba saratani ni chembe za mwili wa mtu mwenyewe zilizoharibika, zikawa zinazaliana bila kujua kukoma, na kwamba haiambukizwi kwa kikombe, kitanda wala pumzi. Alisema viko vinavyoongeza hatari, kama umri, pombe, baadhi ya virusi, na zaidi ya vyote moshi wa tumbaku, hata ule wa sigara ya mwenzako, ingawa kwa mgonjwa mmoja hakuna awezaye kuapa kwamba chanzo ni hiki.

Aibu kubwa ya mdogo wake haiko katika kutojua, bali katika yaliyofuata, kwani alirudi nyumbani akakiacha kikombe na alama yake, akijua fika hakina hatari, kwa sababu angekirudisha kabatini watu wangeuliza ugonjwa basi umetoka wapi. Dada alikinywea hivyo hivyo hadi tarehe 23 Desemba, binti yake alipofika likizo, akakichukua, akanywea chai mbele yetu sote.

Dada yetu alifariki Ijumaa, tarehe 19 Mei 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompikia uji, na mafundi wenzake waliomalizia sare alizoacha zimekatwa. Mdogo wake anawaomba wenye kikohozi kisichoisha waende hospitali mapema, na wavutaji wenzake wasiwavutie watu wao ndani.

Haya mliyoyasikia leo, dada hakuyasikia hata neno moja kutoka kwa mdogo wake, ingawa walikaa chumba kimoja miezi saba na nusu baada ya daktari kusema, na nafasi ilikuwepo kila siku.

Dada, samahani. Upumzike kwa amani.