Mtoto Niliyekuwa Nampeleka Porini

Sifa zimrudie Bwana, wajukuu zangu, na ninyi vijana wote mtakaosoma haya! Kaeni vizuri, msome hadi mwisho. Nimejifunza kuandika ukubwani na mkono wangu ni mzito, basi sitaandika mara mbili.

Ninyi hamjui kigego. Afadhali. Zamani kwetu Zinga, mtoto akiota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego, na watu walisema akiachwa hai jamaa zake watakufa mmoja mmoja. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa kigego. Mavyaa wangu, mama yake babu yenu, alikuja asubuhi na wanawake wenzake. Nikawapa mtoto. Sikulazimishwa! Nilimfunga mimi mwenyewe katika mbeleko, nikawakabidhi. Walirudi kutoka porini na mbeleko imekunjwa. Tukapika, tukala.

Baadaye tulibatizwa, mimi na mume wangu. Mwalimu wa kanisa alifundisha kwamba mtu huhesabiwa haki na Mungu kwa imani, si kwa kazi zake. Nikaitikia kwa kinywa. Moyoni nilisema, hayo ni ya walioiba kuku, si ya mtu kama mimi. Nikaanza kazi ya kumtuliza Mungu. Kila siku nilifagia kanisa, nikamchotea mwalimu maji, nikafunga Jumatano na Ijumaa. Miaka sita! Jirani yangu Bi Mwanahawa, Mwislamu, alikuwa akiniona na ufagio, ananicheka: "Weye, hilo kanisa la makuti lina vumbi gani lisilokwisha? Au ndiye mume wa pili?" Nami nikazidi kufagia.

Ndugu zangu, mwaka wa sita nilizaa tena mtoto wa kiume. Alipofika miezi saba nikaona weupe kwenye ufizi. Wa juu.

Nikamficha. Kutwa yuko mgongoni, nimemfunika. Nilimsugua ufizi wa chini kwa chumvi ili meno ya huko yaharakishe. Alilia, nami nikasugua. Mume wangu alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Mavyaa akawa anakuja kila siku.

"Mkamwana, nipe mjukuu wangu nimbebe."

"Ana mafua, mama."

"Mafua ya wiki tatu? Mlete hapa!"

Jumamosi moja mchana alimtoa mgongoni mwangu kwa nguvu, akamtia kidole kinywani.

"Juu," akasema.

Hapo sikumwogopa yeye tena. Nilimwogopa Mungu. Nilidhani amekataa ufagio wangu, amekataa mfungo wangu, anataka uhai kwa uhai: nilimtoa wa kwanza, basi na huyu naye atoke, ndipo mimi na Mungu tuwe sawa. Nikamfunga mtoto katika mbeleko, mimi mwenyewe, mara ya pili. Nikamfuata mavyaa.

Njia ya porini inapita kanisani. Mwalimu alikuwa ameketi chini, anasuka makuti ya kuezekea. Aliona machozi yangu.

"Mama, mnakwenda wapi na mtoto jua lote hili?"

"Shauri la wanawake," mavyaa akasema. "Suka makuti yako."

Kinywa changu kikafunguka. Nilisema yote, la kwanza na la pili, mavyaa ananivuta kanga ninyamaze.

Mwalimu hakunipoza. "Yule wa kwanza ulimwua," akasema. "Ukifagia mpaka ufe, damu yake haitoki. Ukimwua na huyu, zitakuwa damu mbili. Mungu alimtoa Mwanawe kwa ajili ya dhambi yako hiyo hiyo. Wako hataki umtoe! Unaamini au huamini? Nijibu hapa."

Mavyaa ameshika mguu wa mtoto, anavuta. Nikiamini, nitasimama mbele za Mungu mikono mitupu, bila ufagio, bila mfungo, bila mtoto wa kutoa, muuaji vile vile nilivyo. Na mwalimu akiwa amekosea, ukoo mzima utakufa kwa ajili yangu.

Nikasema, "Naamini. Bwana Yesu, nipokee hivi hivi." Nikamkumbatia mtoto, nikaketi mchangani, nikakataa kuinuka.

"Basi tukifa sote," mavyaa akapiga kelele, "mtuzike kwa nyimbo zenu!" Akaenda zake. Miaka mingi hakupokea chakula mkononi mwangu. Watu walikufa kwa homa, kama watu wanavyokufa, na jina langu likatajwa matangani. Niliogopa. Lakini kurudi nyuma, hapana! Na kigego wangu anatafuna miwa hadi leo.

Kanisa bado nafagia. Sasa nafagia vumbi tu. Yule wa kwanza namlilia. Nimesamehewa, wala sisemi kwamba sikufanya. Asante, Yesu!

Wewe unayesoma, kama una jambo unamfanyia Mungu kazi kimya kimya ili alisahau, acha leo! Mwambie waziwazi, umwamini Kristo aliyekufa kwa ajili yako. Hakuna njia nyingine, nimeitafuta miaka sita.

Binti yangu alipozaa, na mtoto alipokaribia kuota meno, shangazi zake walikuja wakamzunguka mtoto, mmoja akanyoosha mkono kumfunua mdomo. Nikasimama mlangoni, nikaiamuru nyumba yangu yote, wakubwa kwa wadogo: "Humu ndani mtu asimtie mtoto kidole kinywani kutafuta jino. Likitoka juu, likitoka chini, pikeni uji mumlishe."