Saa ya Bi Tabia Inagonga Sawasawa

Kalavati lao, bomba nene la zege la kupitishia maji, lililetwa na mkandarasi wa barabara, katika mwaka ambao watu wote wa mtaa wameusahau isipokuwa Mzee Mikdad. Mitaro ilipokwisha kuchimbwa, kalavati moja lilizidi hesabu, na kwa kuwa hakuna aliyerudi kulidai, likawa benchi mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la Moiz, katikati ya mji wa Bagamoyo. Juu yake hukaa watu watatu kila asubuhi, na wa nne, Twalib muuza kahawa, huchuchumaa mbele yao na dele lake. Mikdad, mwalimu mstaafu wa hisabati mwenye shahada ya chuo kikuu, huitwa Desimali. Moiz huitwa Risiti, maana haamini neno lisilo na karatasi. Ridhiwani, dalali wa viwanja vya Mapinga, huitwa Wakili, ingawa kesi pekee aliyowahi kuisimamia mahakamani ilikuwa yake mwenyewe, na alishindwa. Asubuhi hiyo Mikdad alifika amechelewa, hakuagiza kahawa, na miwani yake ilikuwa tayari puani.

— Tumeshitakiwa, alisema.

— Nani kashitakiwa? aliuliza Ridhiwani, akikaa sawa.

— Bi Tabia. Yaani mimi. Yule bwana Alawi wa Mbezi, aliyeshinda mnada wa saa, amelalamika kwa msimamizi. Anasema saa ni mbovu.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa ni saa ipi. Ilikuwa saa ya ukutani ya Bi Tabia, mjane wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, na kengele yake ilikuwa ikisikika hadi kalavatini kwa miaka zaidi ya arobaini. Bi Tabia alikuwa ameamua kuiuza apate fedha za kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na kwa kuwa hakuona vizuri kuandika, alimwomba Mikdad amwandikie tangazo katika kundi la simu linalonadi vitu vya kale. Mikdad alipima urefu, upana na kina cha saa ile kwa rula, akaandika sentimita zote, kisha akamalizia kwa sentensi aliyoijivunia: "Saa ni nzima na inagonga sawasawa, nashuhudia mimi, Mikdad, mwalimu mstaafu." Saa ikauzwa kwa shilingi laki mbili na elfu kumi. Kwa kanuni za kundi, fedha hushikwa na msimamizi mpaka mnunuzi aseme ameridhika.

— Na huyu hajaridhika, alisema Mikdad. Tumepewa mpaka saa sita mchana leo kujibu. Tusipojibu, fedha zinarudi kwake, nauli ya mzigo ni juu yetu, na Bi Tabia anafutwa kwenye kundi kama tapeli. Hospitali wamempa Jumatatu.

— Jumatatu hii?

— Hii.

Twalib akaacha kumimina.

— Ubovu wenyewe ni upi? Moiz aliuliza. Ana ushahidi?

— Ametuma video.

Wakaikusanyikia simu. Katika video, saa ya Bi Tabia ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta mweupe usio wake. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nane, mrefu kwenye kumi na mbili, na jua la asubuhi lilikuwa likiingia dirishani. Kengele ikagonga mara mbili, ikanyamaza. Sauti ya mwanamume ikasema: "Mmeona wenyewe."

Wakatazamana.

— Tumeona nini? alisema Ridhiwani.

— Rudisha nyuma, alisema Moiz. Labda kuna kitu kimeanguka.

Mikdad akairudisha. Kengele ikagonga mbili tena.

— Saa mbili asubuhi, alisema Twalib. Imegonga mbili. Sasa yeye alitaka igonge ngapi?

— Nane, alisema Mikdad. Ameandika hapa: "Mshale unaonyesha nane, kengele inagonga mbili. Nikaisubiri tisa, ikagonga tatu. Huu ni ubovu uliofichwa."

— Saa mbili asubuhi igonge nane? Ridhiwani alisimama. Saa nane watu washakula wali, washaosha na sahani. Huyu bwana anakula chakula cha mchana wakati gani?

— Tulia, Wakili.

— Sitatulia, Mwalimu. Mimi wanunuzi nawajua, ndiyo kazi yangu. Mtu unampeleka kiwanja Mapinga, anapima kwa hatua zake, anaridhika, anakula na soda yako. Wiki ya pili anakuja anakwambia kiwanja kimesogea. Kiwanja. Huyu hataki saa, anataka apunguziwe.

— Kupunguziwa ni kidogo, alisema Moiz. Mimi nasema ameshaifungua. Katoa mashine ya ndani, ile ya Kijerumani, katia ya Kichina, sasa anaturudishia boksi. Mlipiga picha ya ndani kabla ya kuifunga? Mlimsainisha mwenye basi aliyeipeleka?

— Ingekuwa ya Kichina ingegonga nane, alisema Twalib.

Moiz akaitazama video tena.

— Basi yuko na msimamizi, alisema Ridhiwani. Lao moja. Wanunua, walalamika, fedha zarudi, saa yabaki kwao. Kesho wanainadi tena Tanga. Huenda kuna nyumba nzima huko Mbezi imejaa saa za wajane.

— Na hizo saa zote zinagonga sawasawa, alisema Twalib kwa huzuni, hakuna wa kuzisikia.

Mikdad hakuwa akiwacheka. Alikuwa na karatasi mbili za barua, pande zote zimejaa, alizoziandika tangu baada ya alfajiri, naye aliona kila neno la wenzake likimwongezea haki. Miaka thelathini na mitatu alikuwa amesahihisha majibu ya watu wengine. Hakuna mtu aliyewahi kumrudishia yeye jibu lake likiwa na alama nyekundu.

— Nimepiga hesabu, alisema. Sikilizeni. Saa inayogonga moja mpaka kumi na mbili inatoa milio sabini na minane. Mara mbili kwa siku, mia moja hamsini na sita. Ya Bi Tabia inatoa mia moja hamsini na sita. Hiyo anayoitaka yeye ingetoa ngapi?

— Ngapi?

— Mia moja hamsini na sita hiyo hiyo. Hajapunjwa hata mlio mmoja.

— Hapo umemaliza, alisema Ridhiwani. Andika hiyo. Akileta ubishi mwambie azihesabu mwenyewe, usiku na mchana, asilale.

— Na uandike kwa wino mwekundu, alisema Moiz.

— Ni simu, Moiz.

— Kwenye simu pia kuna rangi.

Ndipo Dija alipovuka barabara, ameshika chupa ya chai. Alikuwa mwalimu kijana aliyehamishwa kutoka Ubena, na chumba alichopanga kwa Bi Tabia alikihamia siku tano baada ya saa kuondoka.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu. Bi Tabia hajambo?

— Hajambo, ila hana raha. Kaniuliza saa ngapi mara tatu tangu asubuhi. Kanituma kahawa, na kanituma niulize habari za yule mnunuzi.

Wakamweleza wote kwa pamoja, Ridhiwani akiwa amesimama. Dija akaitazama video mara moja tu.

— Kumbe mishale ya Kizungu, kengele ya Kiswahili, alisema. Nani aliitengeneza hivyo?

— Marehemu mumewe, alijibu Mikdad. Alikuwa akifanya kazi kwenye meli, alihitaji kusoma saa kama wazungu. Mkewe alitaka kusikia saa kama watu. Akairekebisha kengele, kila mmoja akapata yake.

Jambo hilo alilijua tangu ujana wake, lakini hakuwa amewahi kulisikia likisemwa kwa sauti.

— Saa nzuri sana, alisema Dija. Na hilo liliandikwa kwenye tangazo?

Mikdad alikunja karatasi ya kwanza. Kina cha saa kilikuwa kimeandikwa mpaka milimita.

— Lilikuwa jambo la kujulikana, alisema Ridhiwani.

— Mbezi? aliuliza Dija. Kisha, kwa adabu ileile, akaongeza: Naona hapa mnada ulikuwa wazi siku tatu, na waliotaja bei ni wawili tu, huyu Alawi na mtu mmoja wa Tanga. Nyinyi wazee hammo kwenye kundi hili?

— Tumo, alisema Moiz. Wote.

— Sasa mbona hakuna aliyetaja bei?

Ridhiwani akakaa. Moiz akakumbuka mteja dukani, ingawa duka lilikuwa tupu. Twalib aliinamisha dele kwenye chupa ya Dija. Yakatoka matone machache na masimbi ya kahawa, kisha hakikutoka kitu.

Mikdad akazitia karatasi mfukoni. Akaandika kwa kidole kimoja, polepole, akiwasomea: "Bwana Alawi, saa si mbovu. Mishale inasoma Kizungu, kengele inagonga saa za Kiswahili. Ndivyo marehemu mwenye saa alivyomtengenezea mkewe. Ilinipasa kukuandikia hivyo, sikuandika. Kosa ni langu, si la mama. Irudishe. Nitainunua mimi kwa bei ile ile, na nauli nitalipa."

— Laki mbili na kumi, Desimali? alisema Ridhiwani. Unazo?

— Ninazo. Nilikuwa nazo siku zote tatu.

Akatuma. Jibu lilikuja kabla Dija hajafunga kifuniko cha chupa, na Mikdad akalisoma mara mbili kimya kimya kabla ya kulisoma kwa sauti.

— "Kumbe ndivyo. Bibi yangu alikuwa akisimulia habari za saa za namna hii, nikidhani ni uzee. Nimeshamwambia msimamizi amwachie mama fedha zake leo. Hii sirudishi, mzee wangu, hata kwa bei mara mbili."

— Alhamdulillahi, alisema Dija, akavuka barabara mbio kumpelekea Bi Tabia habari.

Kalavatini hapakuwa na furaha iliyotarajiwa.

— Hebu mtazameni mtu huyu, alisema Ridhiwani hatimaye. Alikuwa anataka kurudisha, tukawa hatutaki. Tunamruhusu, hataki.

— Hana msimamo, alisema Moiz. Lalamika kwa msimamizi.

— Nilalamike nini, Moiz? aliuliza Mikdad. Kwamba saa ni nzima na mnunuzi ameridhika?

Moiz hakuwa na karatasi ya hilo.

Dirisha la ng'ambo likafunguliwa, na uso wa Bi Tabia ukatokea, umeelekea upande usio wao.

— Mikdad, aliita. Allah akulipe. Hivi sasa ni saa ngapi, baba?

Mikdad alitazama simu: saa tano kamili. Alifungua mdomo amjibu, kisha akaufunga. Aliinama, akachukua vikombe viwili vitupu vya Twalib, akavigonganisha mara tano, akiacha nafasi sawa kati ya mlio na mlio.