Mama Aliyepita Mara Tatu

Hivi wewe, mtu akipita mbele yako mara tatu, begi lile lile, jasho likizidi, akitafuta kitu kile kile, utaendelea kunywa kahawa? Usijibu haraka. Sisi tuliendelea. Kijiwe chetu kiko kwenye kiwanja kidogo cha mawe huku Castello, upande wa Venisi ambao nguo bado zinaanikwa madirishani kwa sababu zimefuliwa, si kwa ajili ya kupigwa picha. Kuna benchi moja, kisima cha zamani kilichofunikwa kwa chuma, baa ya Zanze yenye mashine ya kahawa inayokohoa, na mfereji wenye daraja la vidato kumi na vinne kupanda, kumi na vinne kushuka. Wanaokaa hapo ni wale wale. Admirali, jina lake Ermes, alifunga kamba za boti za abiria miaka thelathini na minane na hajawahi kufika mahali asipoiona nchi kavu. Daktari, yaani Tullio, alikuwa anafagia duka la dawa. Zanze mwenye baa hutoka na trei mwenyewe ili neno lisimpite. Mimi nilisoma chuo kikuu, nikaandika kurasa mia mbili juu ya madaraja ya mji huu, kwa hiyo wananiita Msomi, na sijawahi kusikia jina hilo likitamkwa kwa heshima.

— Huyo tena, alisema Daktari. Begi jekundu.

— Si yeye, alisema Zanze. Yule wa kwanza alikuwa na koti.

— Amelivua. Jua limepanda.

— Basi akizunguka tena atatuletea balaa.

Ni yeye. Mama wa miaka sitini hivi, mfupi, viatu vya kanisani, begi la magurudumu likimfuata nyuma kama mbuzi asiyetaka soko. Alisimama katikati ya kiwanja, akatazama kisima, akatazama benchi, akatutazama sisi, akamuuliza Admirali neno, naye akamjibu. Kisha akaingia kushoto, kwenye ujia unaopita chini ya nyumba. Tukasikia magurudumu yakififia kuelekea ukuta wa nyumba ya watawa.

Nikwambie kilichokuwa kinatuchosha. Zamani watalii walikuwa wanakuja, wanapanda daraja, wanakwenda zao kwenye uwanja wa Mtakatifu Marko, tunapumua. Tangu Jumanne walikuwa hawapandi. Walikuwa wanaingia ujiani, wanazunguka watawa, halafu baada ya dakika kumi na tano wanatokea upande wa pili wa kiwanja, pale pale walipoanzia, nyuso zimewaiva. Wengine walizunguka mara mbili. Bwana mmoja wa Ubelgiji alizunguka mara nne, akaishia kununua kiti cha Zanze akidhani kinauzwa.

— Mimi nimeshawaelewa, alisema Zanze. Ni simu. Mnara wa kengele unaivuta ile setilaiti. Simu inasema kushoto, na mtu wa siku hizi simu ikimwambia ruka mfereji, anaruka.

— Setilaiti iko juu, mnara uko chini, alisema Daktari. Unavutaje?

— Kwani mwezi uko wapi? Mbona unavuta maji?

Daktari akainua kikombe chake. Akanywa.

— Haya, sikilizeni sayansi, akasema. Mtu ana maji sikioni. Sisi tuliozaliwa hapa, maji yetu yamezoea. Mtu wa bara, ukimleta ghafla kati ya mifereji, maji ya sikioni yanalalia upande mmoja. Anadhani anakwenda mbele, kumbe anapinda. Niliyasikia haya kazini.

— Kazini ulikuwa na ufagio, nilisema.

— Ufagio hauzibi masikio, Msomi. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Ulikuwa unasikia, si unatazama.

— Ndiyo maana nikasema haambiwi.

Nilikuwa na kitabu mkononi na nilikuwa nimesoma sentensi ileile tangu asubuhi. Nikamgeukia Admirali, nikitumaini kwamba angalau yeye atasema kitu cha maana. Alikuwa ameukazia macho mfereji, pale alipofunga mashua yake.

— Ni magurudumu, akasema taratibu.

— Nini magurudumu?

— Mji unazama, hilo mnalijua. Lakini hauzami sawasawa. Umelalia upande wa kushoto, kidogo tu, unene wa ukucha. Mtu haoni, ila gurudumu linaona. Begi linateremkia kushoto, mwenye begi anafuata. Hawa hawapotei. Wanavutwa na mabegi yao.

— Na wasio na mabegi?

— Wanawafuata wenye mabegi. Mfuata nyuki hakosi asali.

— Asali iko wapi huko kwa watawa?

— Si kazi yetu kujua, alisema Admirali. Mimi naona wacha tu wazunguke. Kwanza ni zoezi.

Zanze akacheka, akamjazia maji kwenye glasi.

— Elide anaendeleaje?

— Amelala.

— Mchana huu?

— Analala siku hizi.

Elide ni mke wake. Tangu Februari hatoki kitandani, na kitanda chenyewe kiko nyuma ya dirisha la kijani, lile lililo karibu na daraja kiasi kwamba anayepita angeweza kumpa mkono. Ugonjwa uko kwenye mifupa. Nyumba za huku hazina mahali pa kumhamishia mtu.

Daktari ndiye aliyebadilisha mazungumzo, na kwa nadharia mpya.

— Mimi sasa nasema ni manispaa. Wanawalipa watu wazunguke ili wahesabiwe mara tatu. Mwisho wa mwaka tunaambiwa wageni wameongezeka.

— Wanawalipa akina mama wa viatu vya kanisani?

— Hao ndio hawashukiwi.

Ndipo magurudumu yakarudi. Mara ya tatu. Safari hii mama yule hakusimama katikati. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye benchi, akaketi kati yangu na Daktari bila kuomba nafasi, akavua kiatu kimoja, akakitazama kwa ndani kana kwamba njia imo humo.

— Shikamoo mama, alisema Zanze, sauti ya biashara. Nikuletee kahawa?

— Niletee maji, dada. Na uniambie kama viwanja vyenu vyote vinafanana, au ni hiki hiki kimoja kinachonifuata.

Kitaliano chake kilikuwa cha kusini kabisa, cha milimani. Aliitwa Incoronata. Anapika kwenye shule ya watoto huko kwao Basilicata, na alikuwa amekuja Padova kumuuguza dada yake aliyepasuliwa nyonga. Dada amepona, na yeye akajipa siku moja. Moja. Treni yake ya kurudi kwao kusini ilikuwa saa tisa na robo. Sasa ilikuwa saa saba na nusu.

— Kwenye jiko la shule kuna kalenda, akasema, imebandikwa tangu naanza kazi. Mwaka umepita zamani, ila hatukuibandua kwa sababu ya picha. Uwanja wa Mtakatifu Marko. Miaka thelathini namenya viazi nautazama. Nikasema, wacha nikauone ulivyo. Nimeshuka treni saa nne, foleni ya kuacha mizigo inafika nje, nikasema nitatembea na begi, kwani ni mbali? Tangu saa sita na nusu nakiona hiki tu. Akakigonga kisima kwa kiatu.

— Pole sana mama, alisema Daktari. Haraka haraka haina baraka.

— Nina treni, baba.

— Hata hivyo.

— Lakini si uliuliza njia? alisema Zanze. Nilikuona unauliza.

— Niliuliza. Mara ya kwanza huyu dada mwenye kitabu alinijibu. Mara ya pili akanijibu huyu mzee. Wote wawili mliniambia moja kwa moja, mama, huwezi kupotea.

Nakiri kwako wewe msomaji bila kubembelezwa: nilisema hivyo, na sikuinua macho. Sisi wote husema hivyo. Baba zetu walisema hivyo. Hakuna njia hata moja iliyonyooka katika mji mzima, lakini mgeni akiuliza, mdomo unafunguka wenyewe: moja kwa moja. Tukimaanisha, hapa petu, vuka daraja. Na daraja lenyewe limekaa pembeni kama mtu aliyenuna, mgeni anayekwenda moja kwa moja kwa haki anakutana na ukuta.

Basi kila mtu akataka kuwa wa kwanza kumsaidia, jambo lililokuwa baya zaidi.

— Ni rahisi, alisema Daktari. Unakwenda mpaka pale kwa Gigio mwoka mikate, unapinda.

— Gigio alifunga kabla ya mwanangu kuzaliwa, alisema Zanze. Mwambie pale kwa fundi viatu.

— Kwa fundi viatu ndipo panapouzwa barakoa za watalii sasa.

— Barakoa zinauzwa kila mahali. Atajuaje ni zipi?

— Zile zilizo kwa fundi viatu.

— Asipite huko, alisema Admirali. Pana utelezi. Daraja lile leo lina utelezi, si mahali pa mtu mzima na begi. Bora apite kwa watawa, ila atembee taratibu. Mwenda pole hajikwai.

— Nimetoka huko kwa watawa mara mbili, baba. Sijajikwaa, sijafika pia.

Nikafunga kitabu. Nilikuwa nimechoka nao, nimechoka na mimi mwenyewe.

— Mama, nisikilize mimi, nikasema. Vuka daraja hilo. Ukishuka, fuata watu. Dakika kumi na mbili uko uwanjani. Utautazama, kisha utapanda boti hadi stesheni. Ukiondoka sasa hivi, treni unaiwahi.

Hakuondoka. Alinitazama kama ninavyofikiri anavyomtazama mtoto anayesema ameshanawa mikono.

— Mbona mshale unasema kushoto?

— Mshale gani?

— Huo hapo juu ya kichwa chako, dada. Ninyi mnakaa chini yake. Hamjawahi kuusoma?

Nitajaribu kujieleza. Watu wanne, ukijumlisha miaka yetu tunakaribia mia tatu, yote tumeiishi hapa. Kibao cha manjano kiko kwenye ukuta wa baa tangu sijazaliwa. Kinasema jina la uwanja na kina mshale. Mimi nimeandika kurasa mia mbili juu ya madaraja, na daraja hili lina kurasa sita. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukisoma. Vibao vile ni vya wageni. Sisi tunatembea kwa miguu yetu, kama vile mtu hasomi maandishi kwenye mlango wa chumba chake.

Tukainua vichwa, sote wanne, kama kuku wanaokunywa maji.

Mshale ulielekea kushoto. Mpya, mweusi, unang'aa. Upande wa kulia, chini ya manjano yaliyopakwa harakaharaka, ulikuwepo mshale wa zamani, umefifia lakini haujafa, bado unaonyesha daraja.

Zanze akapanda kwenye kiti, akaugusa. Akanusa kidole.

— Hii ni rangi ya mashua, akasema.

— Manispaa, alisema Daktari. Si niliwaambia.

— Manispaa niliwaomba taa ya hapa mlangoni miaka saba. Leo wapake mshale bila barua, bila mhuri, bila kuja watu watano kuutazama kwanza? Acha zako, Tullio.

— Basi vijana.

— Vijana gani? Waliobaki mtaani ni wawili, na mmoja anaogopa ngazi.

— Labda ni mtalii mwenyewe, alisema Daktari, akipunguza sauti. Anawapoteza wenzake ili abaki peke yake huko uwanjani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikamtazama Incoronata. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa amekivaa kiatu na anatazama saa yake ya mkononi, na midomo yake ilikuwa inafanya hesabu: dakika kumi na mbili, na kutazama, na boti. Kisha akafanya jambo lililoniuma zaidi kuliko kama angetutukana. Akakunja koti lake vizuri, akaliweka juu ya begi.

— Wacha niende stesheni tu, akasema. Picha ninayo jikoni.

— Muda bado upo, mama, nikasema. Kweli upo.

— Sasa nikiwaamini tena, na mkawa mnanitania?

Zanze alishuka kwenye kiti. Vikombe vyote vilikuwa vitupu isipokuwa cha Admirali; chake kilikuwa hakijaguswa, kimejaa, na yeye alikuwa analitazama dirisha la kijani.

— Ermes, alisema Zanze polepole. Mashua yako uliipaka lini?

Alisimama. Ni mtu mrefu, huwa tunasahau kwa sababu amekaa siku zote. Hakututazama. Aliliendea begi jekundu, akalishika kwa mikono miwili kama alivyokuwa akishika kamba, akalinyanyua, akaliweka begani. Magurudumu yakabaki yanazunguka hewani.

— Mimi nitakupeleka, mama, hadi uwanjani, na hadi kwenye boti, akasema. Hili halitagusa kidato hata kimoja.

— Baba, ni zito.

— Kila begi linapiga vidato vyote, kumi na vinne na kumi na vinne, na mke wangu yuko nyuma ya dirisha lile anavihesabu. Usiku, mchana. Jumanne nilichukua brashi nikaugeuza mshale, akalala kwa muda wa saa nne bila kuamka. Sikudhani mtu angezunguka zaidi ya mara moja. Na uliponiuliza ile mara ya pili, mama, nilikuwa nimeshakutambua, nilijua umeshazungushwa na mshale wangu, na nikakuambia moja kwa moja.