Vidole Viwili vya Mlangoni

Ndani ya basi, mshonaji aliyekaa nyuma ya fundi na mama mmoja hakuwa akisikiliza. Masikio tu ndiyo yalikuwa wazi.

"Vigae tunaanzia katikati ya jiko, mama," fundi alisema, mchoro mapajani. "Nikianzia dirishani, mlangoni vitabaki vipande vya upana wa vidole viwili. Watu watanicheka."

"Hivyo vya zamani aliweka marehemu mume wangu, akaanzia dirishani. Miaka thelathini, kila akivuka vile vipande mlangoni ananiambia, 'Samahani, mke wangu.'"

"Lakini lile lilikuwa kosa, mama."

"Najua. Nirudishie kosa hilo hilo."

Mshonaji, ambaye hakuna aliyemuuliza, alikuwa upande wa fundi mpaka hapo.

Basi likasimama. Fundi akakunja mchoro, akavuka miguu ya mama kuelekea mlangoni. "Samahani, mama," akasema.

Mama akageuza uso dirishani.