Maharage Mgongoni mwa Mukankusi

Kitendawili!

Najua mmeitikia, wasikilizaji wapendwa, hata wewe uliye jikoni na mwiko mkononi. Haya, sikilizeni. Ukinibebea wewe, ninachoka mimi. Ni nini?

Msikimbilie kujibu. Kitendawili hiki si changu. Nilitegewa na rafiki yangu Mukankusi wa Kagarama, na huyo ndiye tunayemkumbuka leo. Mukankusi amefariki. Tumemzika Jumamosi iliyopita. Alikuwa mjane, mama wa binti mmoja, Cécile. Jibu nitawapa kabla hatujaagana, maana yeye mwenyewe alinicheka sana niliposhindwa.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1990. Mukankusi alikuwa anafungua dirisha la jikoni lililokwama. Akasukuma. Dirisha halikufunguka. Mkono ndio ulioachia. Mfupa ulivunjika pale kwenye kifundo, tak, kama kijiti cha kuwashia moto. Dirisha tu, wasikilizaji wapendwa! Hakuanguka, hakupigwa.

Hospitalini daktari Mutabazi alitazama picha ya mifupa, akamtazama na mwenyewe. Akamwambia, "Mama, kwa nje wewe ni mzima. Kwa ndani mifupa imeingia matundu, kama mkate." Alimweleza kwamba zipo dawa wanazopewa wanawake wa umri wake. Lakini Mukankusi aliwahi kuganda damu mguuni alipomzaa Cécile, na daktari akasema dawa hizo kwake ni hatari.

"Basi nitakunywa nini?" akauliza Mukankusi.

"Maziwa. Na vidonge vya kalsiamu nitakupa. Ukae juani asubuhi. Ule dodo, yale majani ya mchicha. Ule ndagala, wale wadogo, na mifupa yao."

"Ndagala! Daktari, kwetu tumelelewa na maziwa. Samaki hatumjui."

"Mtajuana. Na utembee kila siku, na mzigo mdogo mgongoni. Si kichwani, mama, mgongoni. Mfupa usiposukumwa unalala."

Basi Mukankusi akarudi Kagarama na maagizo yake. Mnajua wazee wetu walivyokuwa wakisema, kwamba samaki na maziwa havikai tumbo moja, kwamba ng'ombe atakauka. Yeye alikula ndagala mchana, akanywa maziwa jioni. Cécile alipomtolea macho, akamwambia, "Wewe nyamaza tu. Ng'ombe asiambiwe."

Na mzigo? Alichukua mfuko wa maharage, akaufunga mgongoni kwa kitenge, vile vile tunavyobeba watoto. Akashika njia. Mwanamke mwenye mvi, na maharage mgongoni, anatembea mbio mbio kama anayewahi misa.

Lakini hapo ndipo taabu ilipoanzia, kwa sababu kwetu mzee hashiki mzigo akiwepo mwenye nguvu. Ndiyo heshima. Ukimpita mama mzee na mzigo wake, watu watauliza umelelewa wapi. Kila aliyekutana na Mukankusi alinyoosha mkono. Jirani yake Silvère, yule fundi seremala, alimsimamisha siku moja njiani. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

"Mukecuru, bibi yangu, lete huo mzigo!"

"Niache, Silvère."

"Nikuache vipi? Mimi iko na mikono miwili, wewe ubebe? Kagarama watasema nini?"

"Watasema umeninyang'anya dawa."

"Dawa iko wapi? Mimi naona maharage!"

"Ndiyo hiyo. Na ina jina, inaitwa Kirezi. Punguza sauti, utaniamshia mtoto!"

Silvère alicheka mpaka akashika mti. Lakini kesho yake alinyoosha mkono tena. Na mama wa kanisani naye. Na mwalimu naye. Mukankusi akaanza kuzunguka kwa njia ya nyuma, ya kupandia Rebero, ambako watu hawamjui. Huko ndiko alikonitegea kile kitendawili, tukiwa tunahema mlimani.

Alikuwa na hamu moja. Cécile alikuwa ameolewa muda mrefu bila mtoto. Mukankusi alikuwa akisema, "Mtoto wa Cécile akija, mgongo wa kwanza ni wangu. Haya maharage ni ya kujifunzia." Nasema tena, maana ndiyo habari yenyewe: alitaka kumbeba mjukuu wake mgongoni. Na kwa muda wote huo, kwa maziwa yake, ndagala wake, jua lake na maharage yake, hakuvunjika mfupa mwingine hata mmoja.

Mwishoni mwa mwaka jana, 1992, Cécile akapata mimba. Mukankusi aliongeza maharage mfukoni.

Kisha zikaja mvua za Aprili, mwaka huu wa 1993. Njia ya Kagarama mnaijua ikilowa. Aliteleza, akakaa chini vibaya, na nyonga ikapata ufa. Silvère na wenzake walileta ingobyi, kile kitanda cha mianzi cha kubebea wagonjwa, wakamteremsha hadi barabarani. Njia nzima aliwagombeza kwamba wanamtikisa.

Daktari alisema mfupa haukuhama. Apumzike majuma machache, halafu ainuke, kidogo kidogo, na fimbo. Yakapita majuma. Daktari akasema sasa ainuke.

Hakuinuka, wasikilizaji wapendwa. Si kwamba hakutaka. Nyumba ilikuwa imejaa watu wanaompenda. Huyu ameleta uji, yule supu, mwingine maziwa, na maziwa yenyewe yamekuwa adimu tangu vita vianze kaskazini. Mukankusi akishika ukingo wa kitanda, wote wanasimama. "Lala, mama! Tupo! Unataka nini, tukuletee?" Anataka kusimama. Hicho hawakuweza kumletea. Kile kitenge kilikunjwa, kikawekwa juu ya kabati asikokifikia.

Julai mtoto akazaliwa, wa kike. Cécile akampa jina la yale maharage, Kirezi.

Mukankusi aliomba abebeshwe, hata akiwa amekaa kitandani. Cécile ameniruhusu niwaambie maneno yake mwenyewe. Alisema: "Mama alinigeuzia mgongo, akainama kidogo, akangoja. Mimi nikaona ile mifupa, nikaogopa. Nikamwambia, mama, utavunjika. Nikamlaza mtoto pembeni yake. Mama alimshika mtoto kidole." Nilimuuliza kama mama yake alikasirika. Akasema, "Angekasirika ningefurahi. Alisema tu, haya."

Mwezi huu wa Oktoba kifua kilimbana. Daktari alisema ni mapafu, ndivyo yanavyofanya mtu akilala siku nyingi. Hakufa kwa mifupa. Mifupa yake alikuwa ameilinda.

Jumamosi Silvère na wenzake walimbeba mara ya pili. Pale kaburini Silvère alijifuta jasho na machozi kwa kitambaa kimoja, akaniambia, "Leo hajanigombeza."

Sasa jibu. Ukinibebea wewe, ninachoka mimi. Ni mzigo wangu.

Tulipokuwa tunatoka makaburini nilikuwa na mfuko wangu begani, na njia inapanda. Nikahema. Cécile, na mtoto wake mgongoni katika kile kitenge, akanyoosha mkono aupokee, kama alivyolelewa. Mkono ukafika kwenye mfuko, ukasimama hapo. Akaurudisha taratibu. Akasema, "Nenda nao, mama. Nitatembea polepole." Tukapanda hivyo, yeye analia, mimi na mfuko wangu.

Cécile, binti yangu, redio hii nzima inakupa pole, wewe na mumeo na Kirezi. Pole, Silvère. Poleni, watu wa Kagarama. Mlimpenda, na yeye alijua. Tusipatoneshe pale palipouma.

Wasikilizaji wapendwa, mimi si daktari, mwenye mifupa inayouma aende hospitali akaulize. Ninachowaomba ni kidogo. Wewe uliye jikoni, kuna mzee hapo nyumbani? Kabla hujampokea alichoshika, muulize, "Nikubebee, au nikuachie?" Kisha ngoja akujibu.