Kiti Hakimo Katika Mirathi Yangu

Niwekeeni mto vizuri, kisha kaeni mnisikilize, wanangu, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kushindana na redio. Kifungua mimba, izime hiyo. Binti yangu, futa machozi, kilio kina siku yake. Nawe kitinda mimba, usisimame mlangoni kama mdai, njoo uketi miguuni pangu. Daktari ameniambia ukweli kwa sababu nilimtaka aniambie. Mtu aliyeishi kwa kuwapasulia wenzake ukweli hawezi kuukimbia unapofika zamu yake.

Nianze na mali, ili masikio yenu yatulie. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, na msiiuze kabla mdogo wenu hajamaliza masomo. Chumba cha uani ni cha shangazi yenu mpaka atakapokichoka mwenyewe. Shamba mligawane sawa kwa sawa, binti apate kama kaka zake, na atakayeleta maneno kwamba mwanamke ataolewa, mwambieni mama amesema akalime la babake. Saluni ni ya msusi wangu, vioo na viti vyake vyote. Yeye ndiye aliyesuka vichwa vya watu mimi nilipokuwa vikaoni, na mcheza kwao hutuzwa.

Sasa nije kwenye lile mnalonong'onezana jikoni mkidhani ugonjwa umekula na masikio yangu. Kifungua mimba, nilikusikia ukimwambia mkeo, "Kiti cha mama hakitoki nyumba hii." Mwanangu, kiti kile hakijawahi kuingia nyumba hii. Naweza kukuachia kitanda, kabati, hata jina langu, lakini udiwani niliazimwa na watu, na cha kuazima hakirithiwi.

Mnajua nilivyoanza, lakini nawaambieni tena kwa mdomo wangu. Nilipochaguliwa mara ya kwanza nilikuwa msusi, na sikuacha kusuka. Mteja akikaa chini ya mikono yangu, kabla sijamchana akawa ameshauliza, "Mama, huko barazani mnasemaje?" Nami nikamwambia: tumejadili mfereji wa nyuma ya soko, fulani alikubali, fulani alikataa, mimi nilisema hivi. Kichwa cha rasta hakiishi haraka, kwa hiyo habari ilifika yote, na kila aliyetoka na nywele mpya alitoka na habari mpya. Madiwani wenzangu walinicheka wakaniita Diwani wa Saluni. Nikaona jina zuri, nikaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu. Baadaye wanaume nao wakaanza kuja, wakijifanya wamewasindikiza wake zao, mpaka ikabidi niwe natoka kibarazani kila Jumamosi nizungumze na wote.

Habari nzuri niliwapa, na mbaya niliwapa. Mfereji ule ulipoziba mvua ya kwanza, nilisimama pale pale nikasema, "Tumeshindwa, na sababu ni hii." Walinizomea, nikangoja wamalize, tukapanga namna ya kurudi kudai utengenezwe upya. Habari mbaya, wanangu, ipelekeni wenyewe kabla haijajipeleka, maana ikienda yenyewe hufika na uongo mkononi.

Ndipo likaja lile la zahanati, lililonitenga na mjomba wenu.

Mjomba wenu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni hadi akajua kukimbia, na wakati ule ndiye alikuwa mwenyekiti wa halmashauri. Wodi ya wazazi ya zahanati yetu ilitakiwa ihamishiwe ng'ambo ya barabara kuu, ili kiwanja apewe mwekezaji ajenge kituo cha mafuta. Jambo liliwekwa mwisho wa kikao, watu wakiwa wamechoka na wanatazama saa, nami nikaomba lisogezwe mpaka kikao kijacho, likasogezwa. Tulipotoka akanishika mkono kwenye ngazi.

"Dada, mambo ya ndani ni ya ndani," akaniambia. "Hili usilipeleke kwenye vitana vyako."

"Ndani ya nani?" nikamuuliza. "Mwenye uchungu wa kuzaa atavuka barabara ile na malori yale, na wewe unaniambia ni ya ndani?"

"Litawekwa daraja la kuvukia."

"Basi liwekwe daraja kwanza, halafu tuzungumze."

Jumamosi ile nilisema kila kitu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami sikuona mahali pa kuitumia methali hiyo panapostahili kuliko pale. Mkunga wa zahanati alisimama akasema jambo moja tu: kwamba wapo watoto katika mtaa wetu waliozaliwa getini kwa sababu mama zao hawakuwahi kufika mlangoni, na sasa geti lenyewe linapelekwa mbali zaidi. Kisha mwoka mikate, yule mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akauliza, "Je, sisi tunaruhusiwa kuingia kwenye hicho kikao?" Nikajibu, "Mnaruhusiwa tangu zamani. Hamjaja tu."

Wakaja. Ah, wanangu, laiti mngeona! Viti vya wananchi, ambavyo miaka yote vilikaliwa na vumbi, vilijaa wanawake wenye watoto mgongoni, makuli wa sokoni, fundi viatu na kiboksi chake, wazee wakiwa wamevaa makoti ya harusi. Mjomba wenu akagonga meza, akasema, "Hapa si mahali pa soga. Naomba ukumbi uachwe wazi." Mwoka mikate akasimama, akainama kwa adabu zote: "Mheshimiwa, shikamoo. Kikao hiki ni cha wazi au si cha wazi?" Mjomba wenu akamtazama karani, karani akatazama kanuni, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni cha wazi. "Asante, baba," akasema yule mama, akaketi, na kiti kikalia kwa niaba yake.

Hawakupiga kelele. Walitazama tu. Nawaambieni, kimya kingi kina mshindo mkuu. Kila diwani aliyesimama kusema alijikuta anazungumza na mke wa jirani yake, na yule aliyemsukia nywele shangazi yake, na yule atakayekutana naye kesho kisimani. Ilipofika kura ya wanaopinga, mkono wangu ulipanda peke yake, ukakaa juu nikauonea huruma. Kisha ukapanda wa jirani yangu, kisha wa yule mzee aliyekuwa akisinzia kila kikao, kisha ikawa mikono kama shamba la mahindi. Hoja ikaanguka. Wodi ipo pale pale hadi leo, na wewe kitinda mimba ulizaliwa humo.

Mjomba wenu akanifuata nje. "Umenivua nguo mbele za watu," akasema. Nikamjibu, "Mimi nimefungua dirisha tu, mdogo wangu, nguo ulishazivua mwenyewe." Tangu siku ile hakukanyaga mlango wangu. Baba yenu alipofariki alisimama barabarani, kofia mkononi, mpaka jeneza likapita, akaondoka. Nilimwona. Sikumwita, na yeye hakuita.

Uchaguzi uliofuata nikaangushwa. Wenye hamu na kile kiwanja walihakikisha. Mlilia siku hiyo kuliko mimi. Mimi nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda kikaoni, nikakaa viti vya wananchi karibu na mwoka mikate, nikasikiliza, na Jumamosi nikasimama kibarazani kama kawaida. Watu walikuja wengi kuliko nilipokuwa diwani. Muhula mzima nilifanya hivyo, hata waliponirudisha sikujua kama wamenipa kitu ambacho sikuwa nacho. Kwa hiyo, kifungua mimba, ukikitaka kiti, kiombe kwa miguu yako, mlango kwa mlango, na wala usitaje jina langu. Wakikupa, wape habari. Wakikunyima, nenda kasikilize, kisha wape habari. Na wewe binti yangu, mwenye sauti na subira ya kufundisha watoto wa watu, Jumamosi hii ni yako. Usiniambie huna cheo.

Nipeni maji. Kidogo tu... inatosha.

Nadaiwa. Si fedha, nadaiwa jibu. Fundi viatu aliniuliza habari za taa za barabara ya shule. Mwambieni zimepitishwa, nguzo hazijaja, na asinyamaze. Mazishini pangu msiwatengee wakubwa viti vya mbele; anayewahi akae. Hotuba ziwe fupi. Mimi nimezisikia zote.

Na ugomvi wangu na mjomba wenu msiurithi. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Sijutii neno langu la siku ile, hata moja, lakini nimechoka kulima peke yangu. Mkimwona...

Nani anakohoa huko sebuleni? Kitinda mimba, mbona unatazama chini? Ni wewe uliyemwita? Kikohozi hicho nakijua, tulilalia mkeka mmoja. Mwambieni aingie. Mpisheni, akae hapa, karibu... Umezeeka, mdogo wangu. Usiseme kitu kwanza. Weka mkono wako hapa, juu ya wa mtoto huyu aliyekuita.

Mungu awakuze, wanangu. Awape mdomo usioogopa na... na sikio lisilochoka. Mlango wenu usikose mgeni. Mpendane hata mkipingana. Mpingane hata... mkipendana.

Haya. Mimi nimesema maisha yangu yote. Sasa semeni ninyi... anza wewe, mdogo wangu. Taratibu. Nasikiliza.